Aliyekuwa Moyo wa Limi

Limi amelala chali kwenye ghala la pamba la zamani pale Songwa, kichwa kimeelekea mlangoni. Kilemba chake kimeshika vumbi, na nyigu wamejenga ndani ya sikio lake moja. Msimu wa ngoma ulipofika mwaka jana, na huu uliofuata, kikundi kilitoka na ngoma zake zote na njuga zake zote, lakini Limi kilimwacha. Watu uwanjani waliuliza yuko wapi yule mama mrefu. Manju Telesphori, kiongozi wa kikundi, aliwajibu kwamba ameingiliwa na mchwa.

Hakuna mchwa. Fito zake ni nzima, ngozi zinazomfunga bado ni laini, na kile kichwa cha mti mwepesi, chenye mashavu yaliyopakwa rangi ya udongo, hakina hata ufa. Kinachokosekana ni mtu wa kuingia ndani yake. Mtu huyo, anayejifunga jitu mabegani na kulitembeza, kikundi humwita moyo. Vijana watatu wameombwa wawe moyo wa Limi, na kila mmoja amepata udhuru: huyu mgongo, yule safari, wa tatu mkewe amekataa. Ukweli wanaujua wote. Limi alishawahi kusema kwa sauti ya mtu, mchana, mbele ya umati, na jitu lililosema halina anayetaka kuliingia.

Aliyesema kupitia Limi ni mwanamke aliyeitwa Evelina, ingawa hilo lilikuwa jina la kanisani tu. Kwa watu wa Songwa alikuwa Mama Festo. Nyumba yake iko njiani kuelekea kisimani, mlango umefungwa kwa waya. Wanawake wenye ndoo, wanaopiga soga njia nzima, wakifika hapo hushusha sauti, kama watu wanaopita karibu na chumba cha mgonjwa. Wakishapita, huendelea.

Mama Festo alikuwa mwanamke mwenye mabega. Hilo ndilo watu walilotaja kwanza walipomweleza, kabla ya uso wake. Stanslaus, mumewe, alifariki mtoto wao akiwa bado anajifunza kusoma, na kwa kuwa waliomtangulia Festo wote walizikwa wachanga, alibaki na huyo mmoja. Alilima pamba na mtama, alibeba viroba vya pamba kichwani hadi mnadani wakati wenzake wakisubiri mkokoteni, na hakupenda kusaidiwa. Mvulana alikua akimfuata nyuma kama ndama. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno mengi, mpenzi wa michembe. Akirudi shuleni alijaza mifuko vipande hivyo vya viazi vikavu na kuvitafuna hata kanisani, mpaka katekista akamtoa nje.

Kisha mvua zikakataa. Pamba ilichanua kidogo tu ikakauka, ng'ombe wakaanza kulala bila kutaka kuamka, na vijana wakaanza kuondoka kuelekea Geita, kwenye dhahabu. Festo aliondoka nao. Hakukuwa na ugomvi. Mama yake alimfungia michembe kwenye kitambaa, akamsindikiza hadi barabarani, wakazungumza habari za paa lililovuja. Festo alisema atarudi kabla ya kupanda.

Hakurudi kabla ya kupanda, lakini alipiga simu. Kila Jumapili baada ya misa, Mama Festo alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, simu magotini, na sauti ikaja, ikimtania, ikimwuliza kama jogoo bado anawika kwa kigugumizi. Kwa karibu mwaka mzima ilikuwa hivyo. Halafu Jumapili moja simu haikuita. Alipopiga yeye, aliambiwa na ile sauti ya mwanamke asiyemjua mtu kwamba namba haipatikani. Aliendelea kupiga. Alipiga akiwa shambani, alipiga akiwa amekaa na wagonjwa wa jumuiya, alipiga mpaka jirani yake Juliana akamwambia kwa upole kwamba anaichosha simu.

Vijana wengine walirudi, wachache wakiwa na pikipiki, wengi mikono mitupu. Hakuna aliyesema amemwona Festo, na kila mmoja alisema hivyo akiangalia pembeni. Mama Festo alikwishaanza kuwaza habari za kifusi. Machimboni watu hufukiwa, na si wote hutolewa.

Aliyemwondoa katika wazo hilo, na kumtia katika jingine, ni Agapiti, mtoto wa Juliana. Alirudi mguu ukiwa umevunjika na kuungwa vibaya. Mama Festo alimpelekea uji siku ya kwanza, na siku ya pili, na siku ya tatu hakuondoka alipochukua bakuli. Alikaa tu. Agapiti akatazama ukuta.

"Mayu," akasema mwishowe, kwa lile neno la Kisukuma ambalo kila kijana humwitia mama, "Festo ni mzima. Tulikuwa duara moja."

Duara ni lile shimo lenyewe, mdomo wake mdogo kama wa kisima, na chini linakwenda linakotaka. Agapiti alieleza kwamba duara lao lilikuwa limechimbwa miezi mingi bila kutema hata chembe. Basi wakaenda kwa mganga, kama wanavyokwenda wote. Kila mtu alipewa mwiko wake. Mmoja asile kuku. Agapiti asioge kwa sabuni. Festo alipewa mwiko wa mama: mpaka duara litakapotema, asione uso wa mama yake wala asisikie sauti yake. Akiisikia au kumwona, mwamba utafunga, na huenda ukaanguka.

"Na yeye akakubali," Mama Festo akasema.

"Alilia, mayu. Halafu akavunja laini ya simu kwa meno."

Mama Festo alirudi nyumbani na bakuli. Juliana anasema kwamba tangu siku hiyo hakumsikia akiimba tena. Alikuwa mtu wa rozari na wa jumuiya, na padri alikwishahubiri mara nyingi dhidi ya waganga. Angeweza kucheka. Lakini alilala na hesabu moja ambayo haikukubali kufika mwisho. Kama mwiko ni uongo, kwenda kumtafuta mwanawe hakuna dhara. Na kama si uongo? Akimtafuta, akamwona, halafu kesho yake mwamba ukamwangukia, atamweleza nani kwamba alikuwa anapinga ushirikina? Hakuwa na hakika ya lolote katika mambo hayo ya chini ya ardhi. Alikuwa na hakika ya mtoto mmoja. Kwa hiyo alikaa, akanyamaza, na kukaa huko kukaanza kumla. Alikonda. Aliacha chumvi kwenye mboga, aliacha mlango wazi, alijibu salamu ya mtu aliyekwishapita.

Mwezi wa sita, pamba chache zilizookoka zikiwa zimevunwa, kikundi cha Telesphori kilimtoa Limi ghalani kumkarabati.

Watu wa mbali hudhani ngoma ya Wasukuma ina majaji na alama. Haina. Vikundi viwili, kimoja cha Bagika na kimoja cha Bagalu, vyama vya ngoma vinavyoshindana tangu zamani, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kati yao huchorwa mstari wa majivu. Watu ndio wanaohukumu, kwa miguu yao. Wakivutiwa huku, wanahamia huku. Ngoma ya upande wa pili ikinoga, wanatimka wote kwenda huko, wakiwa na watoto mgongoni na miwa mdomoni. Jua likizama, upande wenye watu ndio ulioshinda. Ndiyo maana vikundi hutafuta cha kuvuta macho: wengine nyoka, wengine nungunungu, wengine majitu. Bagalu wa upande wa Maswa walikuwa na fisi wa mbao mkubwa kama trekta, anayefungua taya, na mzee mmoja aliyempanda akiwa uchi hadi kiunoni, kama mchawi. Kikundi cha Songwa, cha Bagika, kilikuwa na Limi, mwanamke mrefu kuliko paa la shule, mwenye gauni lililoshonwa kwa vitenge vya wake wote wa wanakikundi, na mikono mirefu inayochezeshwa kwa vijiti kutoka ndani.

Mama Festo alikuwa akipita na ndoo alipowaona wakimsimamisha. Akatua ndoo. Aliuliza aliye ndani anaonaje nje. Wakamwonyesha: tumboni pana tundu, limefunikwa kwa kipande cha chandarua kilichopakwa rangi ya kitenge. Wa ndani anaona wote. Wa nje haoni kitu. Akauliza kama wa ndani huruhusiwa kusema. Telesphori akamwambia jambo ambalo lilijulikana na kila mtoto: moyo hana sauti. Akishafungwa, hasemi, hakohoi, na hakuna anayetaja jina lake mpaka afunguliwe. Limi akisema, si Limi tena.

Akauliza msimu huu wanakwenda wapi. Telesphori akataja Mhunze, akataja minada miwili mitatu, kisha akasema kwamba wamealikwa pia Geita, kwenye machimbo, maana wachimbaji siku hizi wanapenda ngoma kuliko wakulima.

Mama Festo akasema anataka kuwa moyo.

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kuna aliyesema kwamba Limi atapata hedhi. Mama Festo alisubiri wamalize. Kisha akaingia chini ya gauni, akaweka mabega kwenye ngozi, na kabla hawajamfunga sawasawa Limi akainuka, akatembea hadi kwenye mti wa mkwaju na kurudi. Hapo ndipo vicheko vilipokatika. Moyo wa zamani, Gregory, aliyekuwa ameacha kwa sababu ya magoti, alisema kwamba kwa miaka yote aliyombeba Limi hakuwahi kumtembeza. Alikuwa anamhamisha tu. Sasa ndio alikuwa akimwona akitembea: alikuwa na nyonga, alikuwa na uchovu wa mwanamke anayetoka kisimani, na aligeuza kichwa kama mtu aliyesikia ameitwa.

Telesphori alimwuliza, pembeni, amepatwa na nini. Akamwambia ukweli, kwa maneno machache. Anataka kumtazama mwanawe. Hatamwonyesha uso, hatamwonjesha sauti. Mwiko hautaguswa. Atamwona tu kama anakula.

Telesphori hakuwa mtu mkatili, na alihitaji moyo. Alimwapisha mbele ya ngoma kubwa kwamba hatatoa sauti. Akaapa.

Msimu ule Limi alivuta watu kuliko miaka yote. Kuna utani wa zamani kwamba jitu la kike ni mama mkwe wa kila mtu, na wanaume walijipanga kumtania. Mama mkwe, binti yako nimempenda, punguza ng'ombe. Mama mkwe, shuka kidogo tukuone meno. Limi aliwainamia, aliwavua kofia, aliwakimbiza watoto, na watoto walikimbia wakipiga kelele za furaha maana hiyo ndiyo raha yenyewe: Limi akikujia, unakimbia. Ndani ya gauni, katika joto la fito na jasho, mwanamke mmoja alikuwa akipitia nyuso. Alizipitia kama mtu anayechagua mchele, uso mmoja baada ya mwingine, hakuwa na haraka. Mhunze hakumwona, na hakutegemea. Kwenye mnada mmoja aliona shingo iliyofanana, akaifuata mpaka ikageuka. Wakafika Geita.

Machimbo ya Nyamsenga yako kwenye mteremko ulionyolewa miti. Nyumba ni za mabati na maturubai, karasha za kusaga mawe zinanguruma kutwa, na vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, juu ya mandazi na juu ya kope. Uwanja ulisafishwa chini ya mteremko. Bagalu walikwishafika na fisi wao. Majivu yakachorwa. Wachimbaji wakateremka kwa mamia, wengine bado na tochi kichwani, na kwa muda mrefu ilikuwa kama kawaida: umati unakwenda kwa fisi, unarudi kwa Limi, unakwenda, unarudi.

Alimwona umati uliporudi mara ya tatu au ya nne. Hakuwa mbali. Alikuwa amesimama mbele kabisa, shati limefunguliwa vifungo, na mbavu zake zilihesabika. Alikuwa na ndevu. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa kichafu. Mama yake alisema baadaye kwamba alimtambua kwa jinsi alivyosimama, uzito mguu mmoja, kama alivyokuwa akisimama akisubiri chakula.

Limi akamwendea. Wenzake wakarudi nyuma wakicheka, yeye hakurudi. Alikuwa mcheshi bado. Akaweka mikono kiunoni, akatazama juu kwenye uso ule wa mti, na akapaza sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo mayu. Umetoka nyumbani mikono mitupu? Hata michembe?"

Umati ukaangua kicheko. Mtu nyuma akasema hajaleta, amekula yote, ndiyo maana amerefuka. Festo akacheka pia. Tundu la chandarua lilikuwa usawa wa macho yake, karibu kiasi kwamba mama yake aliona ukoko wa vumbi puani, na jino moja la mbele ambalo halikuwepo tena.

Alitimiza kiapo. Gregory, aliyekuwa nyuma akishika ncha ya gauni, aliona fito zikitetemeka, akadhani ni uchovu. Mkono mrefu wa Limi ulinyanyuka polepole, ukashuka, na kiganja cha mbao kikatua juu ya kichwa cha kijana, kikakaa hapo. Watu walizidi kucheka. Festo alifumba macho, akajifanya anabarikiwa, akapiga ishara ya msalaba.

Hapo ndipo alipokohoa. Aliinama chini ya kile kiganja na kukohoa, kikohozi kikavu kisichokuwa na mwisho, kama mtu anayeparua jiwe kwa jiwe, na aliponyanyuka alifuta mdomo kwa kile kitambaa cha mkononi na kukitazama. Mama yake alikitazama pia. Kisha ngoma za Bagalu zikabadilika, fisi akafungua taya, mtu akapiga ukelele, na umati mzima ukageuka. Festo akageuka nao.

Kinachojulikana na wote ni kwamba Limi aliuvuka mstari wa majivu. Katika ngoma hakuna kushindwa kukubwa kuliko huko. Kikundi kinachovuka kimekiri kwamba hata jitu lake limekwenda kumtazama mwenzake. Telesphori alipiga filimbi. Gregory alivuta gauni mpaka kipande kikabaki mkononi. Limi alikuwa ameshaingia katikati ya watu, anakwenda kasi, kichwa kinayumba.

Na watu wakafanya wanachofanya siku zote Limi akiwajia. Walikimbia. Walikimbia wakicheka, wakisukumana, wakipiga miluzi, na Festo alikimbia pamoja nao, akigeuka nyuma kila hatua chache kumcheka yule mama mrefu aliyemchagua yeye. Kadiri alivyoongeza mwendo ndivyo raha ilivyozidi. Kadiri raha ilivyozidi ndivyo alivyokwenda mbali. Walipanda naye mteremko, kuelekea kwenye maduara, na mwanamke aliyekuwa ndani aliona kupitia kile kitundu mgongo wa mwanawe ukipungua.

Aliwaza, kama alivyomsimulia Juliana, kwamba kijana huyu anakufa. Kwamba kunyamaza hakujamlinda na chochote. Duara halijatema, mwamba haujaanguka, na kifua kinaondoka kidogo kidogo.

"Festo," akasema.

Sauti ilitoka tumboni mwa jitu, sauti ya kawaida ya mwanamke wa Songwa anayemwita mtoto aje kula.

"Festo. Mwanangu, ni mimi."

Waliokuwa karibu waliacha kucheka. Ukimya ulisambaa kutoka hapo kwenda nje, mpaka hata ngoma za Bagalu zikakosa mapigo. Festo alikuwa amesimama. Aligeuka mzima mzima, akalitazama lile jitu, akatafuta kwenye kilemba, akashuka kwenye uso wa mti, akashuka kwenye kifua, akafika tumboni. Inaaminika kwamba waliangaliana, ingawa yeye hakuwa na kitu cha kuangalia isipokuwa kitenge. Mdomo wake ulifunguka. Mama yake alipiga hatua moja.

Festo akaweka viganja juu ya masikio, akayaziba kwa nguvu, kama mtoto anayeogopa radi. Akakimbia. Safari hii hakugeuka.

Moyo hawezi kujifungua mwenyewe. Kamba za ngozi hufungwa mgongoni, na huhitaji watu wawili. Mama Festo alikimbia akiwa ndani ya Limi mpaka mguu ukaingia kwenye shimo dogo lililoachwa, akaanguka kwa urefu wote ule, na alipokuwa amelala chini ya fito akiita jina lilelile, hakuna aliyetaka kumgusa. Gregory ndiye aliyefika, akipumua kwa shida, akakata kamba kwa kisu. Mteremko ulikuwa umejaa watu waliosimama. Festo hakuwamo.

Kikundi kiliondoka na Limi jioni ile, bila Mama Festo. Telesphori hakumtukana. Alimwambia tu kwamba kiapo ni kiapo, na akamwachia kanga yake na chupa ya maji.

Mama Festo alipanda mpaka kwenye duara ambalo Agapiti alikuwa amemwelekeza. Msimamizi wake, mtu wa makamo aliyeitwa Masudi, alimpa kigoda na kumwamkia vizuri. Festo alikwishapita hapo, amechukua begi. Wenzake walikuwa wamekaa mbali, migongo imegeuka. Masudi akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hakuna atakayeshuka leo wala kesho, mpaka mbuzi achinjwe, na kwamba yeye mwenyewe haamini sana mambo hayo lakini hashuki peke yake.

"Kijana wako alikuwa mtu mzuri, mama. Alitufanya tucheke kule chini. Sasa ondoka, tafadhali, kabla hawa hawajaanza kusema mengine."

Alimwuliza Festo ameelekea wapi. Masudi alisema alipanda bodaboda, na kwamba alimshika dereva kwa mkono mmoja tu, mwingine ukiwa bado sikioni.

Basi akaenda kwa mganga. Alikuwa mzee mnene, Mageni kwa jina, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya banda lake akinoa kiwembe kwenye jiwe. Mama Festo alipiga magoti, akaeleza, akaomba mwiko uondolewe. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kijana mwenyewe anafananaje. Hakumkumbuka.

"Mwiko wa mama nawapa wengi," akasema. "Wote wanaotoka mbali. Kijana akisikia sauti ya mama yake magoti yanalegea. Hashuki tena."

"Kwa hiyo hakuna mwamba."

"Mwamba upo. Lakini asiposhuka, dhahabu ataipata wapi?"

Akamwambia auondoe. Mageni akajibu, bila ubaya, kwamba yeye hutoa tu. Anayefunga ni mwenyewe, na ni yeye mwenyewe aje kufungua. Mama Festo akamwuliza mtu atakujaje kufungua kitu ambacho haruhusiwi kuambiwa. Mzee akamwita mkewe, akamwagiza amletee mgeni maji.

Tangu hapo hakurudi Songwa. Juliana alimfuata mara moja, akamkuta kwenye machimbo mengine, akiponda mawe na wanawake wengine, akapata kwake habari hizi zote. Alimsihi warudi, alimwambia paa linabomoka. Mama Festo alimsindikiza hadi kituoni, akatuma salamu kwa Agapiti na mguu wake. Alikwenda kila mahali palipotajwa. Mahali pamoja walimwambia amechelewa wiki moja. Mahali pengine walikuwa na Festo wao, mtu mzima wa Kigoma. Mwishowe dereva mmoja wa bodaboda alimkumbuka kijana mwenye kikohozi ambaye alikuwa ameapa kuacha mawe. Alimshusha Nkome, ziwani, naye akapanda mtumbwi kwenda visiwani kuvua dagaa.

Nkome ni mwalo wenye mashua nyingi. Zinaingia asubuhi na taa zake bado zikifuka, na wanawake hukimbilia majini na beseni, kila mmoja akipaza sauti apate wa kumpimia. Mama Festo, aliyemfuata mwanawe mpaka hapo, hapazi. Mashua zikikaribia hupandisha kanga mpaka mdomoni, akasimama pembeni, na kuwatazama wanaume wakishuka. Wiki za kwanza Sesilia, mwanamke aliyempa kazi, alidhani ni bubu. Alishangaa kumsikia nyumbani akiomba chumvi.

Kutoka visiwani hakuna habari, nzuri wala mbaya. Mama Festo bado yuko Nkome. Anaanika dagaa kwenye vichanja vya Sesilia, na analala chumba cha nyuma pamoja na wanawake wengine wawili wa dagaa.